Yaki Asiyebebeshwa Mzigo

Mimi ni mtu wa hasira, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Mke wangu Yangzom husema nilizaliwa siku ambayo siagi ya mama ilikataa kuganda. Kazi yangu ni kuongoza wageni na yaki, wale wanyama wetu wa mizigo wenye manyoya marefu, katika mabonde ya Dolpo huku Nepal, huu mwaka wa ishirini na sita, na wageni nimewagombeza wa kila aina: wanaopita upande usiofaa wa ukuta wa mawe ya dua, wanaofua soksi kwenye chemchemi ya kunywa, wanaouliza kila kona kama bado ni mbali. Lakini ni mgeni mmoja tu ambaye nusura nimuue kwa ulimi wangu, na huyo ndiye ninayemshukuru kuliko wote.

Anaitwa Subhadra Wagle, mwalimu mstaafu wa jiografia kutoka Bardiya, kule nyanda za chini kwenye joto na mbu. Miaka thelathini na minne aliionyesha milima yetu kwa fimbo kwenye ramani ya ukutani, na hakuwahi kuikaribia hata mmoja. Alipostaafu, wanafunzi wake wa zamani walichanga wakamlipia safari ya siku kumi na mbili. Alishuka kwenye ile ndege ndogo akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, buti mpya, mwavuli mweusi, na kwenye kifundo cha mkono uzi mwekundu wa dua ambao kuhani wao alimfunga tangu msimu wa mvua.

"Karibu, dada," Yangzom alimwambia, akampa bakuli la chai ya siagi na chumvi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mwalimu akanywa, uso ukamkunjamana, akanywa tena mpaka akamaliza. Nikasema moyoni, huyu ana adabu.

Msafara wetu ulikuwa mdogo. Mimi kiongozi, Yangzom mpishi, na shemeji yangu Samdup wa kuswaga yaki watano wa mizigo. Nyuma yao alikuja yaki wa sita, Dongkar, mweusi mwenye uso mweupe, hana hata kikapu mgongoni.

Huyu Dongkar lazima nimweleze. Miaka tisa aliongoza msafara wangu, na hakuna yaki aliyejua theluji kama yeye. Kisha Yangzom akashikwa na maradhi ya kifua. Alikonda mpaka bangili ikawa inamvuka kiwiko. Lama wetu, kiongozi wa dini yetu, akaniambia niachilie uhai wa mnyama ili uhai wa mke wangu ubaki. Kwetu mnyama wa namna hiyo hutobolewa sikio, akatiwa kishada cha sufu nyekundu, na tangu siku hiyo hauzwi, hachinjwi, hapandwi, hapakiwi hata gunia la manyoya, mpaka afe mwenyewe. Wengi huachilia mbuzi kilema wakaona wamemaliza. Mimi nilimtoa Dongkar. Nilimvua kamba ya pua mbele ya kijiji kizima nikala kiapo kwa sauti. Mwezi uliofuata Yangzom akamaliza bakuli zima la supu, na baada ya miezi miwili akaanza kunigombeza. Nililia kwa furaha.

Tangu hapo mtu akimwegemea tu Dongkar, namrukia. Niliamini kabisa kwamba uhai wa mke wangu ulikuwa ukitembea kwa miguu minne na kula majani. Lakini Dongkar mwenyewe hakukubali kustaafu. Akiona wenzake wanafungwa mizigo, huja nyuma yao mikono mitupu, kama bosi wa zamani anayekwenda ofisini kusoma gazeti.

"Kaka Thokme," Mwalimu aliniuliza siku ya pili, tumepumzika kando ya mto, "huyu mbona habebi? Ni mgonjwa?"

"Huyo ni huru. Haguswi."

"Huyo ni mimi, dada," Yangzom akadakia huku akikoroga sufuria. "Nilikuwa nakwenda zangu, wakamwachilia yeye, nikabaki."

Mwalimu akamwangalia Dongkar kwa makini. Akaunganisha viganja vyake kifuani, akainamisha kichwa, akamwamkia yaki kwa heshima zote kama anavyomwamkia mama mkwe. Samdup alicheka mpaka akakaa chini.

"Cheka tu," Mwalimu akamwambia. "Na mimi namhitaji ng'ombe mmoja. Unauona uzi huu? Siku ya mungu wetu wa kike Lakshmi, wiki hii inayokuja, tunaukata na kuufunga kwenye mkia wa ng'ombe. Ukifa, ukifika kwenye ule mto wa wafu, unaushika mkia, ng'ombe anakuvusha."

"Pole," nikasema. "Huku juu hakuna ng'ombe."

"Na hawa wote?"

"Hawa ni yaki."

"Wana pembe, wana kwato, wanacheua. Kaka, nimefundisha miaka thelathini na minne. Ng'ombe nikimwona namjua."

"Yaki si ng'ombe, Mwalimu. Sheria inakataza kumchinja ng'ombe. Angekuwa ng'ombe, sisi wote wa huku tungekuwa jela kwa kumla."

"Jela haitoshi," akasema. "Lakini nitalifikiria."

Nilimpenda, kusema kweli. Na mimi ninayempenda ndiye ninayemtania, na utani wangu una meno. Siku ya tatu tulipoanza kupanda kwelikweli, nikamwambia watu wa nyanda za chini ni kama siagi, chini wanayeyuka na juu wanaganda. Akacheka. Siku ya nne alikaa juu ya jiwe muda mrefu, nikamuuliza kama ule mlima haukuwamo kwenye ramani yake. Akacheka tena, akainuka. Jioni ile motoni nikawasimulia habari za bwana mmoja wa Nepalgunj, mji wa nyanda za chini, niliyemwongoza zamani, aliyeniambia siku ya pili tu kwamba kichwa kinamuuma, akarudishwa chini huku analia.

"Nikamwambia, kinakuuma kwa sababu hakijawahi kuwa juu ya kitu chochote," nikasema, na Samdup akapiga magoti yake kwa kicheko. Mwalimu naye alicheka, mikono imeshika bakuli. Sasa najua kwamba alikuwa akiliweka lile neno moyoni.

Siku ya tano tulipiga kambi chini ya kipito, pale njia inapopenya kati ya vilele viwili kwenda bonde la pili. Niliona Dongkar amesimama karibu na hema la Mwalimu, hatoki. Sikujiuliza kwa nini.

Asubuhi Samdup akatangulia na yaki watano, kama tufanyavyo siku zote. Wanyama huvuka mapema theluji ikiwa bado ngumu, na mgeni akifika ng'ambo akute hema limesimama na chai iko motoni. Tukabaki watatu, na hema dogo la Mwalimu na mfuko wa chakula cha njiani. Dongkar, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuwafuata wenzake.

Mwalimu akatoka hemani. Buti la kulia alikuwa amelivaa mguu wa kushoto.

"Prakash," akaniambia, kana kwamba mimi ni mwanafunzi wake, "funga dirisha hilo, vumbi linaingia."

Akapiga hatua tatu, zote za upande, kama mtu aliyetoka kilabuni, akakaa chini kwenye baridi. Nimeyaona maradhi hayo ya mwinuko mara mbili. Maji yanajaa kichwani. Mmoja wa wale wawili tulimteremsha akiwa ndani ya blanketi, amefunikwa uso.

Yangzom akapiga magoti mbele yake, akamshika mashavu. "Dada, nitazame. Kichwa kinauma tangu lini?"

"Siku tatu."

"Siku tatu? Na chakula unakula kweli?"

"Mikate nampa yule," akasema, akamwelekezea kidole Dongkar. "Haniulizi kitu."

"Kwa nini hukusema, dada yangu?"

Mwalimu akanitafuta kwa macho. Hayakuwa yakitazama sawasawa, lakini yalinipata.

"Kaka angenicheka."

Wahenga husema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine. Nilisimama pale, mtu mzima, kiongozi wa miaka ishirini na sita, nikaona aibu ambayo sijapata kuiona kabla wala baada. Lakini aibu haiteremshi mgonjwa. Dawa yake ni moja tu, kushuka, na kushuka siku hiyo hiyo. Kijiji cha karibu chenye muuguzi kilikuwa mwendo wa saa sita kwa mtu mwenye afya. Simu zetu pale ni za kutazamia saa, maana mtandao unakomea siku mbili chini. Samdup alikuwa ameshavuka, hata ningepiga kelele asingenisikia.

"Ninambeba," nikasema.

Nikamfunga kwa shuka, nikapitisha kamba juu ya paji la uso wangu kama tubebavyo magogo, nikainuka naye. Hakuwa mzito. Ila goti langu la kulia lina hitilafu tangu nilipoanguka nimebeba mlango wa mtu mgongoni, na njia ile ni mawe matupu. Saa ya kwanza nilikwenda vizuri. Saa ya pili nikaanguka kwenye kijito, nikamlinda asigonge kichwa, nikagonga mimi. Akatapika shingoni mwangu, akaniomba radhi kwa sauti ya mtoto mdogo. Nikaanguka tena. Tulipofika kwenye jukwaa la mawe ambapo wapagazi hupumzisha mizigo, nilimketisha juu yake, na goti langu likawa limevimba kama boga.

Mwalimu alikuwa akitaja mito, kama yuko darasani. "Karnali. Bheri. Seti." Midomo yake ilikuwa rangi ya wino.

Nikasikia kwato nyuma yetu. Dongkar alikuwa ametufuata njia nzima. Akaja akasimama ubavuni mwa lile jukwaa, akanusa mkono wa Mwalimu akitafuta mkate.

Yangzom akamtazama Dongkar. Kisha akanitazama mimi.

"Hapana," nikasema.

"Sijasema kitu."

"Umesema kwa macho. Hapana, Yangzom. Nimeapa."

"Umeapa juu ya nini?"

"Juu ya uhai wako."

"Wangu?"

"Wako, ndiyo. Ukoo mzima ulisikia. Akipandwa, kiapo kimevunjika, na kile kifua kitarudi. Unakumbuka ulivyokuwa? Mimi nakumbuka. Nilikuwa nakugeuza kitandani kwa mkono mmoja."

"Nakumbuka kuliko wewe, maana nilikuwa ndani yake." Hakupaza sauti. Mke wangu akiacha kupaza sauti, mimi naogopa. "Sasa nisikilize, Thokme. Mwaka ule mlikaa wewe na lama mkapanga, mimi nimelala. Hukuniuliza. Sikulalamika, na nakushukuru, kila asubuhi nikivuta pumzi nakushukuru. Lakini huo uhai ulionikombolea ni wangu. Si wako wa kuufungia kabatini. Na mimi mwenyewe nasema dada apande."

"Na ukifa?"

"Nikifa utapika mwenyewe. Mshike miguu."

"Nitambeba mimi. Goti litapona."

Nikaweka tena kamba kwenye paji la uso, nikajaribu kuinuka. Goti lilikataa, nikakaa chini kama gunia. Nikajaribu tena. Nilikuwa nalia waziwazi, machozi yananiingia mdomoni, na kwa hasira nikayatukana mawe, nikalitukana goti, nikawatukana wanafunzi wa Bardiya waliochanga.

"Karnali," Mwalimu akasema. "Bheri." Kisha akanyamaza.

Tulingoja aseme Seti. Hakusema. Kichwa kilimwangukia kifuani, na pale ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimesimama katikati ya wanawake wawili, mmoja nikihofia atakufa siku fulani, mwingine anakufa sasa hivi mbele yangu, tena kwa sababu yangu.

"Mpandishe," nikasema.

Yangzom alikuwa ameshafungua aproni yake ya mistari, ile aliyoifuma mwenyewe, ambayo mwanamke wa kwetu havui mbele za watu. Akaitandika mgongoni mwa Dongkar. Dongkar akatetemeka ngozi nzima. Miaka mitatu mgongo ule haukuguswa na kitu isipokuwa theluji. Akageuza kichwa, akanusa ile aproni, akamnusa Mwalimu, akapumua kwa nguvu, akatulia. Tukamteremsha Mwalimu kutoka jukwaani mpaka mgongoni, nikamfunga kwa shuka na kamba.

Kamba ya pua hakuwa nayo, niliivua mwenyewe kwa mikono yangu. Hakukuwa na njia ya kumlazimisha. Yangzom akatoa chumvi kwenye mfuko, akaitia kiganjani, akatangulia akipiga ule mluzi wake wa kukamulia, na Dongkar akamfuata. Mimi nilikwenda ubavuni nikichechemea, mkono mmoja umemshikilia Mwalimu kiunoni. Mkono wa pili nilijikuta nimeuweka kwenye sikio la Dongkar, nimekishika kile kishada. Nilikuwa nikimwomba radhi. Nilimwomba radhi yeye, nikamwomba lama, nikaomba kila aliyeko juu ya vilele na kila aliyeko chini ya maji, nikasema kama kuna deni waniandikie mimi. Kisha nikaanza kumshukuru kila hatua aliyoitua bila kuteleza. Na hakuteleza. Alikuwa akilipima kila jiwe kwa ukwato kabla ya kuliamini, kama alivyokuwa akifanya ujanani kwenye theluji.

Tulipofika kwenye miti ya kwanza mifupi, Mwalimu akaomba maji. Nilimpa, mengine yakamwagikia kidevuni.

Tukashuka tena kitambo. Mawingu yakabaki juu yetu.

"Kaka," akasema polepole.

"Naam, Mwalimu."

"Huyu ni nani niliyempanda?"

"Ni mke wangu," nikasema.

Yangzom mbele akaangua kicheko, mluzi ukakatika, na Dongkar akasimama akingoja uendelee.

Tulifika kijijini jua likiwa bado juu ya ukingo wa mlima. Muuguzi akampa dawa, akamlaza akiwa ameegemea magunia ya shayiri, akatuambia kwamba tungechelewa mpaka kesho yake asingekuwa na mtu wa kumpa dawa. Usiku ule Mwalimu alikunywa supu. Asubuhi akavaa buti zake, kila moja mguu wake, akatoka nje kuuliza choo kiko wapi. Sijapata kusikia swali zuri kama lile. Samdup naye alitufikia mchana, amerudi mbio kuvuka kipito baada ya kungoja na chai yake mpaka ikaganda, na alipomwona Dongkar na alama za kamba mgongoni, alimtazama dada yake kuanzia kichwani mpaka miguuni.

Siku ya tatu pale kijijini ilikuwa siku ya Lakshmi. Mwalimu akaniita uani. Dongkar alikuwa amelala akicheua, na yeye amesimama nyuma yake na kisu cha jikoni cha Yangzom.

"Kaka, nishikie mkia. Nasikia anapiga teke."

"Mwalimu, huyo ni yaki."

"Nimefundisha miaka thelathini na minne," akasema. "Leo nimekubali sikujua kitu. Huyu ni ng'ombe."

Nikaushika mkia. Akaukata uzi mwekundu mkononi mwake, akaufunga kwenye manyoya marefu ya mkia, mafundo matatu, midomo ikinong'ona. Alipomaliza hakuondoka. Nami nilikuwa na neno limenikaa kooni siku tatu, na mimi neno la namna hiyo sina mazoea nalo.

"Mwalimu, nisamehe. Nilikucheka."

"Ulinicheka, nami nikaona aibu nikaficha. Kosa tugawane." Akapangusa kisu kwenye shali yake. "Maisha yangu yote nikimkuta mwanafunzi ameficha kwamba hajaelewa, nilimchapa yeye. Sikuwahi kujiuliza alikuwa akimwogopa nani."

"Kipito hukukiona."

"Kitabaki palepale, kwa ninavyoijua jiografia." Akampigapiga Dongkar kwenye nyonga. "Mimi nimeshavushwa mara moja. Siku yangu ikifika kule mtoni, sitahangaika kutafuta ng'ombe mwingine. Kaka, ahsante. Mwambie na mdogo wangu Yangzom ahsante, maana nikianza kumwambia mwenyewe nalia, na nikilia kichwa kinauma, utanicheka."

Hakuna aliyecheka.

Mwalimu akarudi kwao, na majira ya baridi yakaja. Nilitaka kwenda kwa lama kukiri, lakini alikuwa ameshashuka Kathmandu kuukwepa msimu kama kila mwaka, kwa hiyo nikakaa na hofu yangu peke yangu miezi mitano. Yangzom akipiga chafya, nakurupuka. Akilala mchana, namwekea mkono puani. Jioni moja alikohoa mara nne mfululizo, nikaangusha birika zima la chai, nikamshika mabega, na yeye akanionyesha kwa kijiko kwenye jiko. Nilikuwa nimewasha moto kwa kinyesi cha yaki kibichi badala ya kikavu, nyumba imejaa moshi.

"Ukiendelea kunikagua kama hema lililotoboka," akasema, "nahamia zizini kwa Dongkar. Yeye angalau ananiamini."

Kila asubuhi nilimpelekea Dongkar konzi ya shayiri yetu ya kula, nikimficha mke wangu. Baadaye nikagundua kwamba naye alikuwa akimpelekea yake, akinificha mimi. Ndiyo maana yule mzee alitoka kwenye baridi amenenepa kuliko alivyoingia.

Theluji ikayeyuka. Mwalimu akapiga simu mara tu mtandao uliporudi kwenye kilima kilicho juu ya kijiji chetu. Hakuniuliza habari zangu. "Ng'ombe wangu hajambo?" aliuliza, na mimi nikajibu hajambo, wala sikubishana. Akaniambia amekwenda shuleni kwake, ameomba apewe ile fimbo, na pale palipo bonde letu kwenye ramani ametia alama nyekundu. Watoto walimuuliza pana nini. Amewaambia pana watu wanaomdai shukrani kwa maisha yake.

Niliporudi kutoka kilimani na mtungi mtupu, maana simu ilinisahaulisha maji, nilimkuta Yangzom uani anamchana Dongkar manyoya ya baridi. Alikuwa amevaa ile aproni, na kwenye mistari yake bado kulikuwa na manyoya meusi ambayo hayakutoka hata kwa kufuliwa. Kishada cha sikioni kilikuwa kimepauka kama chai ya juzi. Uzi wa Mwalimu ulikuwa palepale mkiani, mafundo yote matatu, umejaa miiba ya malishoni. Yangzom alikuwa akiimba, vibaya kama kawaida yake, na mashavu yake yalikuwa mekundu, na bangili ilikuwa imembana mkono.

Nilisimama nikimtazama. Nilikuwa nimeshamshukuru lama, muuguzi, Samdup, milima, na yaki kila asubuhi miezi mitano. Kuna mtu mmoja nilikuwa sijamshukuru.

"Yangzom," nikasema. "Ahsante."

"Ya nini?"

"Ya kuwa hai."

Akaacha kuchana. Alinitazama muda mrefu kidogo, chanuo limejaa manyoya mkononi, kama anayetafuta utani uko wapi. Alipoona haupo, macho yake yakajaa maji, akageukia shingo ya Dongkar akajifanya anatafuta kupe.

"Haya," akasema. "Lete maji basi, nimuoshe mkia. Na usiyamwage."

Nikaenda chemchemini nikaleta. Nilimwaga nusu njiani, na hakunigombeza.